Marehemu Anashona Mapazia

Jumatatu, 3 Machi

Huna haya wewe. Huna haya hata chembe! Unakaa mbele ya watu, miguu umeikunja kama mfalme, unanililia, na mimi nipo hapa kwenye kiti changu, mzima wa afya, nakutazama. Nani kakufundisha hayo? Si mimi.

Naandika nikiwa na hasira, herufi zinapanda na kushuka. Mwalimu wetu wa darasa la wazee alisema tuandike kila siku, chochote, vidole visisahau. Siku nyingine naandika hali ya hewa. Leo ninacho cha kuandika.

Mjukuu wangu alikuwa kwenye televisheni. Hilo si jipya. Huyo kila siku yuko kwenye televisheni za watu huko nje, na nywele zake na gitaa lake na makelele yake ya roki. Wanamwita Msumari. Mtu mzima, nimemlea kwa mikono hii, anaitwa kitu cha seremala. Lakini safari hii amekuja kuhojiwa hapa nyumbani, kwa lugha yetu, kwa sababu anatimiza miaka ishirini ya muziki. Nikaacha mapazia ya mteja, nikakaa. Dada yake, huyu msusi ninayeishi naye, alikuwa ananisuka.

Mtangazaji akamuuliza nani alimlea. Akasema bibi. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Akasema bibi aliuza cherehani yake ili amnunulie gitaa la kwanza. Nikasema, mh, cherehani gani tena? Mbona ndiyo hii imenigusa goti? Kisha akainamisha kichwa, akafuta macho, akasema bibi alifariki kabla hajamwona hata siku moja akiwa jukwaani.

Mikono ya msusi ikasimama kichwani kwangu.

Nikasema amekosea, amechoka na safari. Msusi akazima televisheni. Nikageuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, nikamwona anatazama sakafu. Nikajua. Huyu anajua siku nyingi.

Kumbe nimekufa. Nimekufa zamani, na mimi ndiye wa mwisho kupata habari.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia simu. Inaita, inaita, anapokea meneja wake. Sauti laini kama mafuta ya watoto. Eti Msumari amepumzika, eti ujumbe utafika. Nikamwambia amwambie bibi yake anapiga kutoka kaburini, na mtandao huku ni mzuri tu. Mwishowe akasema watakuja Alhamisi.

Nimembana msusi mpaka akasema yote. Ule wimbo wa kaka yake, ule mkubwa uliomtoa, ambao watu wanauimba viwanja vizima na kuwasha simu zao juu — wimbo huo ni mimi. Ni kifo changu. Anauimba kwa lugha ya kigeni, mimi ningejulia wapi? Mimi nasikia magitaa tu, kama mtu anaburuta mabati kwenye lami. Leo msusi amenitafsiria mstari kwa mstari huku anakata vitunguu, machozi yanamtoka, sijui ni vitunguu au ni nini. Kwamba bibi aliuza cherehani. Kwamba akabaki anashona kwa mkono mpaka macho yakaisha. Kwamba siku ya konsati ya kwanza bibi alikuwa amelala chini ya udongo mbichi.

Uongo mtupu. Gitaa alipewa na mwalimu wake wa muziki aliyehamishwa shule, hakutaka kulibeba. Macho yangu bado yanaona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Na siku ya konsati ya kwanza nilikuwa nimelala, ndiyo, kitandani kwangu, maana hakuniambia kama kuna konsati.

Lakini kinachonichoma ni kingine. Mwaka juzi kwenye harusi ya jirani walipiga wimbo huo. Mimi nikainuka. Nikaucheza! Nikasema pisheni, huyu ni damu yangu. Nilizungusha kiuno kwenye mazishi yangu mwenyewe, na vijana wanaojua maneno yale walikuwa wanatazamana na kubana vicheko. Nilidhani wananifurahia.

Nikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze. Mara ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja. Gari jeusi, vioo vyeusi, limeziba mlango wa fundi viatu wa jirani. Akatoka na nyundo yake akauliza kama hilo ndilo la kubebea maiti, maana amesikia kwenye televisheni kwamba jirani yake amefariki na yeye hajaitwa hata kula. Mtaa mzima umesikia. Wananisalimia wakicheka chini chini. Lakini hawatasema nje. Wanajivunia kijana kuliko wanavyonihurumia mimi.

Meneja viatu vyake vinang'aa, unaweza kujitazama. Mjukuu wangu amekonda. Jaketi la ngozi kwenye joto hili, pete kila kidole, miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikamwambia avue, humu hamna jua. Akavua. Macho mekundu. Na juu ya sikio ana mvi! Mtoto wangu ameota mvi na sikuwepo zikiota.

Akaniamkia. Nikamwambia marehemu haitikii.

Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyakunja vizuri kama mapazia kabatini, niyatoe moja baada ya jingine. Nikaanza na moja. Nikamuuliza, katika watu wote, kwa nini kaniua mimi? Akakaa chini, pale pale sakafuni alipokuwa anakaa zamani kunishikia kitambaa nikikata. Halafu akasema:

"Waliniuliza mara ya mwisho kukuona ilikuwa lini, bibi. Nikakumbuka. Nikaona aibu. Ilikuwa rahisi kusema umekufa kuliko kusema siji kukuona."

Maneno yangu yote nikayarudisha kabatini.

Akaendelea kwa sauti ndogo. Alikuwa bado kijana, wa kwanza kumhoji alikuwa mwandishi wa gazeti dogo, alidhani litasomwa siku moja na kufungiwa samaki. Kisha akatunga wimbo ili uongo uwe na mahali pa kukaa. Wimbo ukaruka. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza kitu kingine. Alipopewa tuzo, wakasema angalau bibi anamwona huko aliko. Alipooa kule nje, wakaacha kiti kitupu cha bibi, na maua juu yake. Ndoa ilipovunjika wakasema ni majonzi ya bibi. Hata alipolazwa ile nyumba ya kuacha dawa za kulevya, daktari alitaka waongee habari za kifo changu. Nikamuuliza, ukaongea? Akasema ndiyo, na alilia kweli. Nikamwamini. Hicho ndicho kibaya, nilimwamini.

Mambo yake makubwa yote hayo, mimi nilikuwa nayapata kwa mdomo wa dada yake, wiki mbili baadaye, juu juu. Na kila mahali kumbe kiti changu kilikuwepo.

Ndipo meneja akakohoa, akasogeza kiti. Kuna sinema inapigwa ya maisha ya Msumari. Watu wa nje. Anayeiongoza ni binti mmoja, ameshapiga picha shule yake, kanda zake za zamani, kila kitu, bado nyumba aliyolelewa. Atakuja Jumapili. Sasa, kwa heshima na taadhima, wanaomba mimi niwe mdogo wake marehemu. Bibi mdogo.

Nikacheka. Kisha nikaona hawacheki.

Meneja akasema jambo hili likijulikana sasa, sinema imekufa, ziara ya mwaka mzima imekufa, na wale wote waliolia naye watamgeukia. Watampondaponda kama mende. Mjukuu wangu alikuwa anaokota vipande vya nyuzi sakafuni, anavifunga fundo, kama zamani.

Nikakubali. Haya, nimeandika. Nimekubali. Nilizitazama zile mvi, nikakubali.

Msusi amekataa kula na sisi.

Jumapili, 9 Machi

Mimi na umri huu, nimekuwa mdogo wangu mwenyewe.

Asubuhi ilibidi cherehani ifichwe, maana iliuzwa. Vijana wa meneja wakaibeba kwa fundi viatu, naye akasimama mlangoni kuipokea, ameweka kofia kifuani kama mfiwa. Mapazia ya mteja yakasukumwa chini ya kitanda. Ukutani wakatundika picha yangu ile ya kitambulisho, wameikuza, na utepe mweusi kwenye kona. Wakaniweka nikae chini yake. Nikajitazama. Kwa kweli niliumbika, nisijidanganye, lakini ule utepe sikuupenda.

Binti wa kamera ana adabu. Nilitaka awe mshenzi, ingekuwa rahisi. Amejifunza lugha yetu, anaiongea polepole, kila neno amelifua na kulipiga pasi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akanipa pole ya msiba wa dada yangu. Nikaipokea! Nikasema ahsante mwanangu, tumeshapoa.

Akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nilitaka kusema machache. Lakini nani mwingine angenisemea? Nikasema alikuwa mchapakazi, mtaa mzima haujapata mshona mapazia kama yeye, pazia lake lilikuwa linaanguka mpaka chini bila kukunja uso. Nikasema alikuwa mkali lakini wa haki. Nikasema alipenda kijana huyu kupita kiasi, na kupita kiasi ni kasoro. Binti akaandika. Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya kamera, akageukia dirishani.

Halafu wakamwita fundi viatu, kama jirani. Nilimkonyeza mpaka jicho likauma. Akakaa, akashusha pumzi, akasema marehemu alikuwa mwanamke mwenye mdomo, Mungu amlaze pema, chai yake nyepesi, unaona mpaka chini ya kikombe. Huku ananitazama mimi. Msusi alikimbilia jikoni nikasikia anacheka kwenye sufuria. Ndiyo mara ya kwanza anacheka tangu Jumatatu.

Basi nikadhani yamekwisha. Aibu nimeimeza, imepita. Wakati wanakunja nyaya zao, binti wa kamera akasema sasa wamebakiza jambo moja tu. Jumamosi. Kaburini.

Nikasema kaburi lipi?

Meneja akadakia haraka kwamba bibi mdogo anachanganyikiwa kwa uchungu. Binti akanionyesha kwenye simu yake. Ni jalada la albamu ile ya kwanza. Mjukuu wangu, kijana, mbavu nje, amelala chali juu ya kaburi la saruji, gitaa juu ya kifua. Picha hiyo nimewahi kuiona. Nilidhani ni benchi.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda. Msusi amefunga saluni mchana, tumekwenda wote wawili, makaburi yale ya zamani nyuma ya karakana za magari.

Halina haja ya kuulizwa. Makaburi mengine yana majani, hili lina mkutano. Mishumaa imeyeyuka imekuwa ngozi juu ya saruji. Chupa. Maua ya plastiki na ya kweli yaliyooza pamoja. Vile vipande vidogo vya kukwarulia gitaa, wamevitupa kama punje za mahindi. Na maandishi, rangi ya kupuliza, lugha zote za dunia. Msusi akasoma moja: Lala, bibi yetu.

Na mwanamke anafagia. Mzito, makamo, kanga... hapana, nakosea, ilikuwa aproni, aproni ya kazini, maana alitoka moja kwa moja. Ni mpishi wa shule. Alikuwa anazoa vile vipande vya plastiki kwenye ndoo, polepole, kwa kiganja, ili asikwaruze saruji. Tukaamkiana. Akaniita mama, akaniuliza kama na mimi nina mtu wangu hapa.

Nikasema sina.

Akasema yeye ana mama yake. Akapiga piga saruji, kama unavyompiga piga mtu begani. Huyu hapa.

Hakuwa analalamika, alikuwa anaeleza tu, kama mtu aliyeeleza mara nyingi na hakuna aliyesikiliza. Kwamba kuna mwanamuziki alikuja zamani akapigwa picha hapa. Kwamba watu wakaanza kuja, akadhani watachoka. Kwamba palikuwa na kibao cha bati chenye jina la mama yake, kikang'olewa, mtu amekwenda nacho kwao akakitundike chumbani. Tangu hapo hana la kuonyesha. Akiwaambia vijana huyu ni mama yangu, wanamwambia anatafuta umaarufu. Mmoja alimsukuma. Mwingine alimwonea huruma, akamwelezea taratibu bibi wa Msumari alivyouza cherehani.

Kisha akasema mlinzi wa makaburi amemwambia Jumamosi linaletwa jiwe. Jiwe kubwa, limechongwa jina la bibi huyo. Ofisi imeshakubali.

"Wakishaliweka," akasema, "nitakuwa nafagia kwa watu."

Msusi alinitazama. Nilimwona kwa pembe ya jicho ananitazama, anangoja nifungue mdomo. Mimi! Ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo! Fundi viatu alilisema hilo mbele ya kamera. Mdomo ukawa mzito kama umeshonwa kwa mkono. Nikachukua ufagio wake wa pili, nikafagia naye. Nikafagia mpaka nikahema. Akanishukuru. Akasema watu kama mimi wamebaki wachache.

Tulirudi, mimi na msusi. Mlangoni akasema tu kwamba kaka yake angalau alikuwa mtoto aliposema uongo.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwita, amekuja. Meneja kaja nyuma yake kama mkia.

Nikamweleza kuhusu mpishi wa shule. Nilimweleza yote, ndoo, kibao, kusukumwa. Anaapa hakujua lina mwenyewe. Siku ile mpiga picha ndiye aliyechagua, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Mwanga! Nikamuuliza, ulilala juu ya mtu, hukuuliza ni nani? Akasema hakuuliza.

Nikadhani basi, yameisha, ataenda kwa yule mama. Lakini akaanza kuzunguka kwa maneno. Eti atamtafuta huyo mama. Eti atamsaidia. Eti watahamisha jiwe baadaye, kimya kimya, sinema ikishatoka. Ni siku moja tu, bibi. Meneja akasema jiwe limeshachongwa, liko kwenye gari, na binti wa kamera ameshaomba kibali. Wakitaka kubatilisha sasa lazima waseme sababu.

Kisha meneja akafanya jambo moja la ujanja, sijui kama alijua. Akanionyesha picha ya lile jiwe.

Jeusi, linang'aa kama maji. Na jina langu. Lote, la kwangu na la baba yangu, na limeandikwa sawa, hakuna hata herufi iliyokosewa, na hospitali hukosea, ofisi hukosea, hata mwalimu wetu hukosea. Herufi zenyewe za dhahabu. Chini yake wameandika: Alishona, akalea.

Mimi jina langu sijawahi kuliona limeandikwa kubwa popote. Liko kwenye kadi ya zahanati na mlangoni pa kabati la darasa la wazee, kwa chaki. Nililitazama. Nililipenda. Mungu ananiona, nililipenda lile jiwe. Niliipanua picha kwenye kioo cha simu kwa vidole, kama anavyofanya msusi, nilitazame vizuri. Na nilipokuwa nalitazama sikumkumbuka mpishi wa shule hata kidogo.

Meneja akaona. Akasema kwa sauti ile ya mafuta, bibi anastahili.

Msusi akaninyang'anya simu akaitupa kwenye kochi. Akamwambia kaka yake maneno ambayo siyaandiki. Kaka mtu akainuka, akanibusu kichwani, akasema gari litanipitia kesho asubuhi, nivae nguo nyeusi. Mimi sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana. Nimejipekua mpaka sasa, hapana sikuisema.

Nguo nyeusi ninayo. Nilikwenda kuitazama kama imeliwa na nondo. Hivyo ndivyo nilivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika haraka, jikoni, maji ya chai yanachemka. Sebuleni wamejaa.

Niliamka, nikaivaa ile nyeusi. Nikajitazama kwenye kioo nikiwa nimevaa nguo za msiba wangu mwenyewe, nikaona mwanamke mzee mjinga. Nikaivua. Nikavaa gauni la kazini, lenye pini kifuani na vumbi la chaki. Nikamwambia msusi anipeleke kwa yule mpishi. Mlinzi wa makaburi akatuelekeza nyumba.

Alikuwa amevaa tayari, amekaa kwenye ngazi. Alikuwa anajiandaa kwenda kuwazuia, peke yake, hana hata karatasi. Nikasimama mbele yake. Nikamwambia sikuwa na mtu pale kaburini kwa sababu mtu wa pale wanasema ni mimi. Mimi ndiye bibi wa Msumari. Sijafa. Ni langu lile jina la kwenye jiwe la kesho — la leo. Nikamwambia nilijua Jumatano nikanyamaza, na jana nikanyamaza tena.

Nilingoja anipige. Mimi ningepiga. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Kumbe ni wewe ninayekufagilia miaka yote hii," akasema.

Akatoa sauti, nikadhani ni kicheko. Haikuwa kicheko. Nikakaa naye kwenye ngazi mpaka ikaisha. Sikumshika mkono, sikuwa na haki hiyo. Kisha akafuta uso kwa kiganja akauliza, sasa? Nikamwambia sasa twende kwangu.

Tumefika kabla yao. Nimemkalisha kiti changu. Nikamwambia fundi viatu airudishe cherehani, akaja nayo yeye na mteja wake, wakaiweka katikati ya sebule mahali pake, akaondoka bila neno la utani. Mimi nikaanza kuyamaliza yale mapazia. Ndivyo binti wa kamera alivyonikuta alipoingia kunichukua: mguu kwenye pedali, picha yangu yenye utepe bado ukutani juu yangu.

Akatazama cherehani. Akatazama ukuta. Akanitazama mimi. Siyo mjinga yule.

Akauliza polepole, kwa lile neno lake lililopigwa pasi, mimi ni nani.

"Mimi ndiye marehemu," nikamwambia. "Na huyu ndiye mwenye kaburi. Kaa, nakuletea chai."

Akakaa. Akaishusha kamera magotini, haikuwa imewaka, mimi sijui kuzijua lakini msusi anasema haikuwa imewaka. Anangoja. Mpishi wa shule anangoja. 

Na yeye yuko nje. Nimemwona kwa dirisha la jikoni. Gari jeusi limesimama, nyuma yake pikapu, na jiwe limefunikwa turubai. Ameshaona kwamba binti hajatoka. Ameshaona cherehani, mlango uko wazi. Meneja anaongea na simu mbili. Yeye amekaa kiti cha nyuma, kioo ameshusha nusu, na tumetazamana. Hateremki. Dereva hajazima injini.

Anaweza kuondoka. Najua kabisa anaweza, ameshafanya hivyo, ni mwepesi wa kuondoka huyu. Wakiondoka sasa watafika makaburini kabla yetu, na jiwe linashushwa, na yote haya yatakuwa maneno ya wanawake wawili dhidi ya wimbo.

Na mimi nimekaa hapa naandika! Basi.

Nimemwita msusi. Nimempa ujumbe, nimemrudiarudia mara mbili asipunguze hata neno, asiupambe. Anavaa viatu. Amwambie hivi:

Zima gari. Miwani iache humo humo. Jiwe lishushe hapa, mlangoni kwangu, lina jina langu na mimi bado nalitumia. Meneja abaki nje. Wewe ingia kwa mlango wa mbele, kamera ikiwaka, upige magoti mbele ya huyu mama, na kabla hujajieleza chochote, umuulize mama yake aliitwa nani.